Stelingi wa Nani?

Mpenzi wa katuni za Marekani akiulizwa Batman yupi ndiye Batman hasa, atataka kwanza kujua unamsema wa nani. Yuko wa Bill Finger na Bob Kane, aliyeanza mwaka 1939. Yuko wa Adam West, aliyewachekesha watazamaji wa televisheni kuanzia 1966. Yuko mzee mwenye hasira wa Frank Miller, wa 1986, na yuko wa Christopher Nolan, wa 2005. Muulize swali hilohilo kijana aliyekulia kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea filamu, vya Tarime au Mugumu mkoani Mara, naye hatajali sana nani kaongoza wala nani kaigiza. Atakuuliza: iliyotafsiriwa na nani?

Wapo wanaolicheka swali hilo. Mimi naliona la haki kabisa, tena limebeba sifa ambayo hatujawapa wenyewe wanaoistahili.

Kazi yenyewe ya msimulizi wa filamu ni hii. Mtu mmoja anakaa mbele ya skrini na maikrofoni, anapunguza sauti ya filamu, anaingia. Anasema kwa kinywa cha stelingi, cha adui, cha mama mjane, cha mbwa ikibidi. Anatudokeza kwamba huyu ni mdogo wake bosi, na yule pale mwenye miwani keshamuuza mwenzake, tulieni mtaona. Bunduki zikianza kulia anaiachia filamu sauti yake, yeye ananyamaza. Mara nyingi hana karatasi, na akikosea hana muda wa kurudia. Waganda walitutangulia: ma-VJ wa Kampala walisimulia filamu kwa Kiluganda mbele ya watazamaji kabla kazi hiyo haijaota mizizi Dar es Salaam, ambako Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu, aliipa jina. Kenya wakampata DJ Afro. Mtafiti wa Kijerumani, Matthias Krings, alipoandika juu ya wasimulizi wa Tanzania mwaka 2010 aliifananisha kazi yao na kugeuza wali kuwa pilau, na sijaona mfano unaoushinda huo.

Tarime iko mahali ambapo shule hizi mbili za Kiswahili, ya Dar es Salaam na ya Nairobi, zinakutana. Ukiwa Sirari, hatua chache tu uko Isebania, Kenya, na flashi haigongwi muhuri mpakani. Kwa sikio langu, msimulizi wa Nairobi anakimbia na utani, anampachika kila mtu jina la kumcheka. Wa Dar es Salaam anapenda kufafanua, kama mjomba anayetaka wote waelewe kabla hajaendelea. Shujaa mmoja akipita katika midomo hiyo miwili anatoka watu wawili. Wa kwanza anapiga huku anatania. Wa pili anapiga akijua kwa nini anapiga.

Wenye kuwadharau husema wasimulizi wanaongeza mambo ambayo hayamo. Wanaongeza, ndiyo. Lakini Superman aliyechorwa na Joe Shuster na kuandikwa na Jerry Siegel mwaka 1938 hakuwa akiruka angani. Alikuwa akichupa tu, juu ya majengo. Kupaa alikuzoea mwanzoni mwa miaka ya 1940, kwenye redio na kwenye katuni za sinema za ndugu wa Fleischer. Kriptonaiti, lile jiwe linalommaliza nguvu, lilizaliwa redioni mwaka 1943 na likaingia kwenye vitabu vya picha miaka kadhaa baadaye. Na aliyemsemea humo redioni, Bud Collyer, alikuwa na hila moja: Clark Kent alizungumza kwa sauti nyembamba, na alipoamua kuwa Superman sauti hiyohiyo ilishuka katikati ya sentensi, ikawa nzito. Msikilizaji hakuhitaji kuona nguo zikivuliwa. Mtu wa Mugumu aliyewahi kusikia msimulizi mzuri akibadilisha koo kati ya mtoto na jambazi anaijua hila hiyo, hata kama hajawahi kusikia jina la Collyer.

Mtihani mgumu kuliko yote, nadhani, ulikuja na Spider-Man: No Way Home, mwishoni mwa 2021. Humo wamo Spider-Man watatu: Tobey Maguire aliyeanza mwaka 2002, Andrew Garfield wa 2012, na Tom Holland wa 2016. Wote wanaitwa Peter Parker. Wakivaa vinyago, wanakaribia kufanana. Mashabiki wa Ulaya na Marekani walikuwa wamebishana kwa miaka yupi ndiye bora. Msimulizi yeye alikuwa na koo moja tu la kuwagawia watatu.

Asiyeijua kazi aliwafanya wote kijana mmoja anayepiga kelele. Anayeijua kazi anaanza mbali. Maguire anampa utulivu wa kaka mkubwa aliyekwishazika watu. Holland ni mtoto, pumzi zinamwishia haraka. Garfield ndiye mwenye kidonda: katika filamu ya 2014 mpenzi wake alianguka naye akachelewa kumdaka akiwa hai. Ndani ya kibanda wapo wengi ambao hawakuiona hiyo ya 2014, kwa hiyo msimulizi inampasa aipenyeze habari hiyo mapema, kwa sentensi moja, wakati watu wanacheka jambo jingine. Hapo ndipo, mpenzi wa Holland anapoanguka na Garfield kujitupa kumfuata, kibanda kizima kitajua kinachoendelea moyoni mwake. Naye msimulizi wakati huo afunge mdomo. Akisema neno moja tu, kaharibu.

Wakurya wa Tarime hawakuhitaji sinema kulijua hili. Sifa za mtu yuleyule, zikiimbwa na wapigaji wawili wa litungu, hazitoki sawa. Mmoja atashika ujasiri wake, mwingine ukarimu, na wasikilizaji watachagua wa kumtuza bila kudai kwamba mwenzake kasema uongo.

Sisemi kila mwenye maikrofoni ni fundi. Wapo wanaoogopa ukimya, wanaujaza matusi na salamu za rafiki zao. Na wapo waliokariri kwamba filamu ina stelingi na adui, basi. Hao Black Panther ya 2018 iliwashinda. Lupita Nyong'o walimchangamkia, mtu wa ng'ambo ya mpaka, wakakipa Kiswahili kinywa chake ambacho katika filamu kinachanganya Kiingereza na Kixhosa. Kwa Killmonger, mpinzani mkuu humo, ndipo walipoteleza. Ni yatima, baba yake aliuawa na ndugu yake mwenyewe aliyekuwa mfalme, na anachodai kina mantiki. Mtazamaji wa Tarime aliyekwishaona wazee wakikaa kusuluhisha ugomvi wa koo anaielewa kesi hiyo kuliko wakosoaji wengi wa New York, kama tu msimulizi atamruhusu aisikie. Anayemwita "adui" kuanzia dakika ya kwanza mpaka ya mwisho amewaibia watu nusu ya filamu.

Doa la kisheria lipo pia, na sitalifunika: nakala nyingi hizi hutengenezwa bila mwenye filamu kuombwa ruhusa. Dawa yake ni kuwapa wasimulizi njia halali ya kufanya kazi, kwa mikataba na malipo, na si kuwafukuza mitaani kana kwamba wanauza gongo. Walimu wa chuo cha sanaa cha TaSUBa, kule Bagamoyo, wanafundisha uigizaji na muziki. Kozi fupi ya kusimulia filamu isingewashinda.

Wakati hayo yanasubiriwa, kila siku flashi zinafutwa kupisha movi mpya, na sauti za zamani zinaondoka humo. Kama unayo nakala, iwe ya Lufufu au ya kijana asiyejulikana aliyerekodi chumbani kwake, usiifute. Ihamishie mahali salama, uandike jina la aliyesimulia na mwaka, kama unavyoandika jina la mwandishi kwenye kitabu.