Mwanga wa Mshazari

Nilinyoosha mkono nikipapase kile kipande cha tungsteni, mzee wa maabara akanipiga kikofi cha vidole. "Usiguse. Kidole kina mafuta."

Ilikuwa katika maabara moja Ujerumani, miaka imepita. Kipande chenyewe hakikuzidi ukucha wa kidole gumba, nacho kiling'aa hata nikajiuliza kina nini cha kuchunguzwa. Mzee akazima taa za chumba. Akawasha tochi ndogo, akailaza mezani karibu na ukingo wa kipande, mwanga ukakipitia kwa mshazari kama jua linalokaribia kuzama. Palepale uwanda ule ukaota matuta na mabonde, kila tuta na kivuli chake kirefu.

"Plazma haiji kwa juu," akasema. "Inakuja hivi."

Kweli, ndani ya mitambo ya muunganiko wa nyuklia sumaku huilekeza plazma, ile gesi ya moto mno yenye ioni, kwenye vigae vya ukuta kwa pembe ya nyuzi chache tu. Ubavu mmoja wa tuta huungua, wa pili hukaa kivulini. Ioni ikigonga, hung'oa atomi. Zitang'oka ngapi hutegemea pembe ya pigo, na juu ya uso wenye mikwaruzo hakuna pembe moja. Atomi iliyong'oka nayo haina hakika ya safari: pengine huruka kidogo tu ikanasa kwenye tuta la jirani. Ndiyo maana ukuta wa namna hiyo mara nyingi huliwa polepole kuliko hesabu ya uso laini inavyodai. Mabonde nayo hayarudishi kila kitu. Vigae vilivyotolewa kwenye mtambo wa JET, kule Culham, Uingereza, vilikutwa na deuteri, mafuta ya muunganiko, iliyojificha vishimoni.

Programu ya kompyuta ya TRIM ya miaka ya 1980, inayokokotoa mapigo hayo ya ioni, ilijua uso tambarare tu. Mwaka 1990 David Ruzic wa Chuo Kikuu cha Illinois aliipa uso wa frakta, matuta juu ya matuta. Baadaye programu za ukoo huo zikajifunza vipimo viwili, kisha vitatu. Hayo yameandikwa. Ninachokikumbuka mimi ni penseli ya mzee. Kabla kompyuta haijalishwa namba hata moja, aliichora sura ya kipande kutoka kwenye hadubini, juu ya karatasi ya miraba, na kila kishimo akakiuliza: nani kakuchimba? Mashine ya kukatia? Msasa? Au plazma yenyewe? Maana heli ikiipiga tungsteni iliyo moto sana huiotesha manyoya membamba, na manyoya hayahesabiwi kama mchubuko wa msasa. Kishimo asichokijua mchimbaji wake alikiwekea alama nyekundu, akarudi hadubinini. Siku nzima ingeweza kuishia kwenye alama tatu.

TEXTOR, mtambo wa muunganiko wa Jülich, Ujerumani, ulizimwa mwaka 2013. JET ikafuata Desemba 2023. Mzee alishastaafu.

Juzi nilikaa ubavuni mwa kijana anayefanya hesabu zilezile, mwepesi wa mikono kuliko sisi sote. Mikwaruzo ya ukuta mzima imekuwa kisanduku kimoja kwenye skrini yake. Nikamuuliza huandika nini humo.

"Sifuri nukta tano."

Na kigae kikoje? Hajapata kukiona, huletewa faili. Nilikuwa nimeshatoa tochi ya simu mfukoni, nikatazama meza yake. Hapakuwa na cha kumulika.