Seva Inapojaa na Daftari Likabaki Jeupe

Mwezi Juni wa mwaka 2009, Robert Hansen, mtaalamu wa usalama wa kompyuta wa Marekani ajulikanaye kwa lakabu ya RSnake, alitoa hadharani programu ndogo ya lugha ya Perl aliyoiita Slowloris, na kwa programu hiyo ikadhihirika kwamba seva ya Apache, ambayo zama hizo ndiyo iliyohudumia tovuti nyingi kupita zote duniani, yaweza kulemazwa na kompyuta moja yenye intaneti dhaifu, pasina daftari lake la kumbukumbu kuonyesha alama yoyote ya shambulio linapoendelea. Neno hili la mwisho ndilo linalonishughulisha, kwa kuwa wasimamizi wengi wa tovuti hulitegemea daftari hilo peke yake, ilhali kwa namna lilivyoundwa haliwezi kueleza jambo ambalo halijakwisha.

Apache, iliyotokana mwaka 1995 na seva ya NCSA ya Chuo Kikuu cha Illinois, hutenga mstari mmoja kwa kila ombi: anwani ya mgeni, jina lake iwapo amejitambulisha, saa, maneno ya ombi lenyewe, namba ya hali kama 200 au 404, na idadi ya baiti zilizopelekwa. Namba ya hali na idadi ya baiti hazijulikani mpaka jibu limetimia, na kwa ajili hiyo mstari huandikwa mwishoni kabisa. Karani wa bandarini aliyeamriwa kuandika chombo pale tu king'oapo nanga, siku bandari ikisongamana hata pasitoke hata jahazi moja, atakuwa na ukurasa mtupu, na asomaye daftari lake kwa mbali atadhani kwamba hapakufika mtu. Slowloris ilifanya hivyo hasa: ilifungua miunganisho mamia, ikapeleka sehemu tu ya vichwa vya ombi, kisha kabla ya muda wa kungoja kwisha, ambao katika Apache ya wakati ule ulikuwa sekunde 300, ikaongeza kichwa kimoja, na kingine, bila ya kukamilisha. Watumishi wa seva, ambao kwa mpangilio wa asili hawakuzidi 256, wakawa wote wamekaa wanasikiliza. Shambulio lilipokoma ndipo daftari lilipofurika kwa ghafla mistari yenye namba 400, wakati ambapo habari hiyo haimfai tena mtu.

Yuko shahidi wa pili. Moduli ya Apache iitwayo mod_status hutoa ukurasa wa hali ya sasa, na anwani yake ikiongezwa neno «auto» mwishoni, hutolewa kwa mistari mikavu inayosomeka na programu, ukiwamo mstari wa ubao ambamo kila mtumishi ana herufi yake: kistari cha chini ni anayengoja kazi, R anasoma ombi, W anapeleka jibu, K anaushikilia muunganisho wa mgeni aliyekwisha kuhudumiwa, na nukta ni nafasi tupu. Maktaba ninayoichambua hapa, iliyoandikwa kwa Python na isiyotumia kitu ghairi ya vile vinavyokuja na lugha yenyewe, imejengwa juu ya fikra moja, nayo ni kuwahoji mashahidi hawa wawili kwa pamoja: kila baada ya sekunde chache huuchukua ubao, huhesabu herufi zake, na hulinganisha hesabu hiyo na wingi wa mistari iliyoingia daftarini katika muda uleule.

Kuhesabu herufi ni kazi nyepesi, wala haihitaji maelezo. Ugumu umo katika daftari. Maadamu mstari huandikwa ombi linapokwisha, ilhali saa iliyomo ndani yake ni ya ombi lilipopokelewa, mistari haifuatani kwa saa, na programu inayodhani kwamba wakati huenda mbele daima itahesabu kinyume. Maktaba hii huhesabu kwa wakati iliousoma mstari, na saa iliyoandikwa huiweka kwa matumizi mengine. Fauka ya hayo, aghalabu daftari hubadilishwa kila usiku, faili kuukuu likapewa jina jingine na jipya likafunguliwa mahali pake, na msomaji asiyekuwa na hadhari hubaki ameshika faili ambalo haliandikwi tena, akaona kimya akakidhania amani. Dawa yake ni kulinganisha namba ya utambulisho ambayo mfumo wa Unix hulipa kila faili, isiyobadilika hata jina likibadilika.

Liko jambo la tatu, nami naliona ndilo bora katika kazi yote. Ukurasa wa hali hutolewa na watumishi walewale, kwa hiyo wakishikwa wote, ombi la maktaba nalo hupanga foleni. Maktaba imewekewa kikomo cha sekunde mbili, na kikomo hicho kikipita haitupi kosa na kusimama, bali huandika kwamba ubao haukujibu, na kuihesabu hali hiyo kuwa ni habari nzito kuliko herufi yoyote. Kadhalika ubao ukijibu, W moja hupunguzwa, kwa kuwa ni ya ombi la maktaba yenyewe.

Kutafsiri hesabu hizo kwataka busara. Wingi wa K si msiba, maana vivinjari hupenda kuacha mlango wazi. Wingi wa W hutokana mara nyingi na hifadhidata inayokawia. Lakini R huishi nukta ndogo sana ya wakati, na zikirundikana ilhali mistari ya daftari inapungua, sioni sababu ya kungoja ithibati zaidi.

Tangu toleo 2.2.15 la mwaka 2010, Apache ina moduli ya mod_reqtimeout inayomfukuza mgeni asiyemaliza vichwa vyake kwa wakati, na watu wengi wamehamia seva ya nginx, ambayo haimfungi mtumishi mmoja kwa muunganisho mmoja. Nginx nayo huandika daftari lake ombi linapokwisha, na nayo ina ukurasa wa hali unaotaja miunganisho inayosomwa, inayojibiwa na inayosubiri. Kuihamishia maktaba huko ni kubadilisha ile sehemu inayousoma ubao, na yaliyobaki yote kuachwa yalivyo.