Herufi Moja Iliyowavua Samaki Deraya

Mwaka 2005 kundi la David Kingsley wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, lilitangaza katika jarida la Science kwamba limeipata jeni inayoamua kama samaki mmoja mdogo, mwenye miiba mitatu mgongoni, atavaa deraya au la. Jeni hiyo ni EDA. Ugunduzi huo ulisifiwa sana, na kwa haki. Lakini kwangu utamu wa kazi hii uko katika miaka kumi iliyofuata, walipotafuta ni kitu gani hasa ndani ya EDA kilichobadilika.

Samaki huyu ana urefu wa kidole tu. Anayeishi baharini amefunikwa na mabamba ya mfupa zaidi ya 30 kila ubavu. Barafu kuu ya kaskazini ilipoyeyuka, miaka ipatayo 10,000 iliyopita, baadhi waliingia katika maziwa mapya, na humo vizazi vyao vikabaki na mabamba machache mno. Jambo hilo lilijirudia ziwa baada ya ziwa.

Wa bahari na wa ziwa bado wanazaana, na hapo ndipo mlango ulipofunguka. Watafiti walimpandisha samaki wa bahari kutoka Japani na wa Ziwa Paxton, Kanada, kisha wakazalisha watoto wao kwa wao. Wajukuu, mamia yao, walitoka mchanganyiko: wenye deraya kamili, wenye nusu, na walio karibu watupu. Kilichobaki ni kufuatilia kipande gani cha kromosomu kinaandamana na ubavu mtupu. Kromosomu ya 4 ndiyo iliyojitokeza, na ndani yake EDA. Watafiti walipodunga EDA ya panya katika mayai ya samaki wa mabamba machache, baadhi waliota mabamba ya ziada.

EDA hutengeneza protini ya ishara, ambayo hunasa kwenye kipokezi cha seli nyingine na kuiamuru ngozi iote kitu. Binadamu anayo pia. Ikiharibika, meno huwa machache, nywele huwa haba, na tezi za jasho huwa chache au hukosekana. Sasa, kama maziwa yangekuwa yameivunja protini yenyewe, viungo vingine vya samaki navyo vingedhurika. Lakini havikudhurika, na hapo swali la nini kilichobadilika likawa gumu.

Jibu lao la kwanza ndilo ninaloliona la werevu kuliko yote. Walichukua chotara, mwenye nakala moja ya bahari na moja ya ziwa, wakapima kila nakala inafanya kazi kiasi gani. Nakala zote mbili zimo katika seli ileile, chini ya chakula kilekile na maji yaleyale, kwa hiyo tofauti yoyote haiwezi kusingiziwa mazingira wala jeni za mbali. Mahali mabamba na miiba inapoota, nakala ya ziwa ilizalisha kidogo. Hitilafu, basi, ilikuwa katika swichi, yaani kipande cha DNA kilicho jirani na jeni na kinachoiwasha.

Wakaiwinda swichi hiyo kwa kuiunganisha na jeni ya protini inayong'aa kijani, ili samaki mchanga aonyeshe mwenyewe inawaka wapi. Katika swichi ya ziwa, herufi T ya DNA ilikuwa imegeuka G. Walipoibadilisha herufi hiyo moja tu katika swichi ya bahari, mwanga ulififia sana kwenye mabamba ya upande wa mkia. Tena, samaki wengine wenye mabamba machache ambao DNA yao ya eneo hilo inatofautiana kwa mengi walikutwa na G ileile.

Bado walitaka kujua herufi hiyo inaharibu nini. Kwa kupandikiza vishanga vyenye dawa mwilini mwa samaki, na kwa kutumia seli zilizokuzwa maabarani, walionyesha kwamba swichi ya bahari huamshwa kwa nguvu na Wnt, mojawapo ya njia za kale ambazo seli hutumia kuamrishana. Yenye G huitika kwa udhaifu. Ishara inatumwa kama kawaida, ila ubavu hauisikii vizuri, huku tishu nyingine zikiendelea kupata EDA yao.

Matokeo haya, yaliyoongozwa na Natasha O'Brown, yalichapishwa katika eLife mwaka 2015. Hayamalizi habari yote ya deraya: kromosomu za 7, 10 na 21 nazo zina sehemu zinazogusa idadi au ukubwa wa mabamba, na kila moja inahitaji kufuatiliwa kwa subira ileile.