Pengo la Chama Halijazibwa, na Kesho Lazima Simba Ifunge

Kesho Jumatano, Juni 25, 2025, Simba inaingia Uwanja wa Benjamin Mkapa ikiwa na pointi 78, Yanga ikiwa na 79, na baada ya hapo ligi imekwisha. Sare inampa mtani ubingwa wa nne mfululizo. Kwa hiyo hesabu ya Msimbazi ni moja tu: kufunga. Na kumfunga Yanga ndiko kulikotushinda tangu Julai 1, 2024, siku ambayo Clatous Chama alitambulishwa Jangwani, kwa Yanga, akiwa mchezaji huru. Kumwachia ulikuwa uamuzi mbovu siku ile, na leo, mwaka mmoja baadaye, bado ni uamuzi mbovu.

Wiki nzima vijiwe vya Kariakoo vimebishana kuhusu waamuzi, kuhusu lile sakata la Machi 7 la Simba kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani, na kuhusu nani alistahili pointi za mechi ya Machi 8 ambayo haikuchezwa. Lakini hakuna kikao cha kamati kinachofunga bao. Tuzungumze mpira.

Bao la mwisho la Simba dhidi ya Yanga lilifungwa na Freddy Michael, Aprili 20, 2024, siku tuliyolala 2-1. Chama alikuwa bado mchezaji wa Simba. Tangu avuke barabara tumekutana na Yanga mara mbili: Agosti 8 kwenye Ngao ya Jamii, 1-0, bao la Max Nzengeli, na Oktoba 19 kwenye ligi, 1-0, Kelvin Kijili akijifunga dakika ya 86. Dakika 180, sifuri. Mtu anayeniambia hiyo ni bahati mbaya hajaitazama Simba inavyoshambulia.

Turudi kwenye kile tulichokiachia. Chama hakuwa na mbio, hakuwa na nguvu za kugombana, na kukaba hakukupenda. Kazi yake ilikuwa moja, na hakuna aliyeifanya kama yeye katika ligi hii tangu atue kutoka Lusaka Dynamos mwaka 2018. Alisimama nyuma ya bega la kiungo mkabaji, mbele ya mabeki wa kati, katika kile kipande cha uwanja ambacho Khalid Aucho anakilinda kwa Yanga. Hakumfuata Aucho wala kusimama anapoonekana. Alitembea taratibu mpaka Aucho asogee kuufuata mpira, kisha akaupokea akiwa ameshageuza mwili nusu kuelekea goli.

Hapo ndipo ilipokuwa thamani yake. Akishaupokea, aliushika kidogo kuliko mchezaji mwingine yeyote angethubutu. Wapo mashabiki waliokuwa wakipiga kelele jukwaani, "Toa mpira!" Alikuwa na sababu ya kutoutoa. Alikuwa anamsubiri beki wa kati afanye uamuzi. Beki akitoka kumkaba, nyuma yake kuna uwazi, na Meddie Kagere, John Bocco, Luis Miquissone au baadaye Jean Baleke ameshaanza kukimbia. Beki akibaki, Chama anageuka kabisa na kupiga mwenyewe. AS Vita walibaki, Machi 16, 2019, akawafunga dakika za mwisho na tukaenda robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Horoya, Machi 18, 2023, hawakujua watoke au wabaki: 7-0, matatu ya Chama, mawili ya Baleke, mawili ya Sadio Kanoute. Angalieni mgawanyo huo. Mchezeshaji, mshambuliaji na kiungo wa kati, wote wamefunga. Timu inayopenya katikati hufunga hivyo.

Mtaniambia umri. Ndiyo, Juni 2024 alitimiza miaka 33. Lakini mchezaji ambaye silaha yake ni macho na utulivu hazeeki kama winga. Na hata kama hawezi dakika 90, dabi ya Kariakoo mara nyingi huamuliwa dakika za jioni, timu zote zikiwa zimechoka na mistari imeachana. Simba ilihitaji dakika 30 za Chama. Badala yake mtani ndiye aliyezipata bure, akawa na kiungo wa akiba ambaye klabu nyingi za ukanda huu zingemfanya mchezaji wa kwanza kwenye karatasi. Tulijidhoofisha na tukamwongezea mtani, dirisha moja, saini moja.

Mtaniambia pia kwamba Chama alikuwa uwanjani Novemba 5, 2023, siku ya 5-1. Alikuwepo. Ile siku nimeirudia kuitazama kuliko inavyopendeza. Kennedy Musonda alifunga dakika ya 3, Kibu Denis akasawazisha ya 9, na mpaka mapumziko ilikuwa 1-1. Kisha kati ya dakika ya 64 na ya 77 tukapigwa matatu: Max, Aziz Ki, Max tena. Ya tano ikawa penalti ya Pacôme Zouzoua. Kilichovunjika siku ile ni kiungo chetu cha chini. Mudathir Yahya, Aucho na wenzao walikuwa wanauokota kila mpira wa pili na kutukimbilia mabeki wakiwa wazi. Mpira haukumfikia Chama. Kumhukumu mchezeshaji kwa mechi ambayo timu yake haikuwa na mpira ni kutafuta sababu ya uamuzi uliokwisha kufanywa.

Kinachouma ni kwamba kosa hili tulikuwa tumeshalifanya. Agosti 2021 Simba ilikuwa bingwa mara nne mfululizo. Dirisha moja tukamuuza Chama kwenda RS Berkane na Miquissone kwenda Al Ahly. Mfungua milango na mkimbiaji wake, pamoja. Pesa ziliingia, sawa. Msimu uliofuata Yanga ikachukua ubingwa bila kupoteza mechi hata moja, na kombe halijarudi Msimbazi mpaka leo ninapoandika. Ilipofika Januari 2022 tulikuwa tunamrudisha Chama. Klabu iliyokwisha kumrudisha mtu kwa sababu pengo lake lilionekana, miaka miwili na nusu baadaye inamwachia tena, safari hii kwa mtani wake wa jadi. Sijapata maelezo ya kiufundi ya jambo hilo, na nimeyatafuta.

Sasa waliovaa nyekundu leo. Kipa Moussa Camara na mabeki wake wamefanya kazi ya heshima msimu mzima, na kocha Fadlu Davids ametupeleka fainali ya Kombe la Shirikisho. Hilo halina mjadala.

Jean Charles Ahoua ana mabao 16 na anaongoza orodha ya wafungaji. Simlaumu kijana huyu. Ila si haki kumpa kazi ya Chama kwa sababu tu anacheza eneo la Chama. Ahoua ni mpigaji. Anataka mpira akiwa analitazama goli, anataka faulo, anataka penalti, na si machache kati ya hayo 16 yametoka kwenye kile kidoti cheupe. Timu pinzani inapojaza watu nyuma, hasubiri kwenye uwazi. Anashuka kuufuata mpira mpaka karibu na Fabrice Ngoma. Akishashuka, pale mbele ya mabeki wa kati hapana mtu. Steven Mukwala, au Lionel Ateba, anabaki peke yake, mgongo kwa goli, Ibrahim Bacca upande huu na Dickson Job upande ule.

Matokeo yake tunayajua. Mpira unakwenda pembeni kwa Shomari Kapombe, unarudi kwa Ngoma, unakwenda kwa Mohamed Hussein, na mwisho anamwaga maji. Nimeandika kuhusu krosi hizi mpaka wahariri wamechoka. Krosi ya juu kutoka mbali, mshambuliaji mmoja kati ya mabeki wawili, ni mpira wa Bacca. Anaupenda. Ukimpa kumi anakuondolea kumi, na kipa Djigui Diarra anaanza shambulio la kwao kabla Kapombe hajarudi nyuma.

Hata barani ilikuwa hivyo. Stellenbosch kule Zanzibar tuliwafunga kwa faulo ya Ahoua, bao moja, kisha tukaenda kulilinda Durban. Berkane nyumbani kwao hatukupata kitu. Mechi iliyonipa matumaini ni ya Al Masry, Aprili 9 kwa Mkapa. Mabao mawili ndani ya dakika 32, Elie Mpanzu kisha Mukwala, na siku ile Mpanzu hakuganda kwenye chaki. Alikuwa anaingia ndani na kugeuka, na beki wa kati wa Wamisri hakujua amwachie nani. Kwa nini baada ya hapo amerudishwa kuwa winga wa kukimbizana na beki wa pembeni, sielewi.

Wazee wetu hawakuwa na picha za droni wala tarakilishi, na walilijua hili. Julai 19, 1977, Simba iliifunga Yanga 6-0: Abdallah Kibadeni matatu, Jumanne Hassan Masimenti mawili, moja Selemani Sanga akajifunga. Watu wawili wa mbele, mabao matano. Hakuna dabi iliyoifikia tofauti hiyo mpaka leo, na Kibadeni hakuwa mtu wa kusubiri mpira wa juu. Mei 6, 2012, ikawa 5-0. Emmanuel Okwi alifunga ya kwanza mashabiki wengine wakiwa bado wanatafuta viti, akaongeza nyingine kipindi cha pili, na tatu zilizobaki zote zilikuwa penalti: Patrick Mafisango, Felix Sunzu, na kipa Juma Kaseja aliyetoka golini kwake kwenda kupiga. Wengine huizungumzia penalti ya Kaseja kama kichekesho. Mimi naona penalti tatu. Maana yake mabeki wa Yanga walilazimishwa kukosea ndani ya boksi mara tatu, na hulazimishwi kukosea na krosi ya mita 40. Hata Julai 12, 2020, ile 4-1 ya nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la nyumbani, wafungaji walikuwa Gerson Fraga, Chama, Miquissone na Muzamiru Yassin. Viungo watatu na winga.

Na ngoja niseme hili, ingawa najua litawaudhi baadhi ya viongozi. Tangu Bocco aliyekuwa mfungaji bora wa 2020/21 kwa mabao 16, Simba haijamlea Mtanzania hata mmoja wa kuvaa jezi ya namba tisa siku ya dabi. Jangwani wamempandisha Clement Mzize kutoka timu ya vijana, wamemvumilia akikosa mabao ya wazi mbele ya uwanja mzima, na leo yuko miongoni mwa wafungaji wakuu wa ligi. Kesho atakuwa upande wa pili. Tunanunua washambuliaji kila Julai na kuwaacha kila Juni.

Kwa hiyo kesho. Aziz Ki ameondoka Yanga kwenda Wydad, na bila yeye mtani anapungukiwa mtu wa kupiga kutoka mbali. Lakini Yanga haihitaji kufunga. Itakaa, itamweka Aucho mbele ya Job na Bacca, itawaachia Pacôme na Max kazi ya kukimbia, na itaisubiri Simba iharakishe. Ikiwa tutaenda na krosi, tutakuwa tumecheza mechi ambayo Yanga inaitaka.

Fadlu anaye mtu wa kulijaza pengo la Chama kwa usiku mmoja, na mtu huyo ni Mpanzu. Mwingize ndani, nyuma ya bega la Aucho, na umwachie Mohamed Hussein chaki yote ya kushoto. Ahoua asogee juu karibu na Mukwala ili mabeki wawili wa kati wawe na watu wawili wa kuwatazama, asishuke tena kuomba mpira kwa Ngoma. Yusuf Kagoma na Ngoma wanatosha kuutoa chini. Kibu aanze kulia. Alimfunga Diarra mara mbili mwaka 2023, Aprili 16 na Novemba 5, na haogopi mechi hii. Kapombe abaki, asipande mpaka dakika za mwisho kama matokeo yanadai.

Na ikifika dakika ya 60 bado 0-0, kocha asiingize mshambuliaji wa pili wa kusubiri mipira ya juu. Mechi hii itashindwa au kuchukuliwa katika zile mita kumi mbele ya Job na Bacca. Simba ikimweka mtu pale na kumpelekea mpira wa chini, inao uwezo wa kuwa bingwa. Isipomweka, kombe linabaki Jangwani.