Moyo wa Tatu wa Pweza: Usanifu wa Sentensi ya "Je, Wajua?"

Pweza ana mioyo mitatu. Maneno manne, nukta, na mhariri wa safu ya "Je, Wajua?" amemaliza kazi. Wahakiki tumezoea kuzipita sentensi za namna hii bila hata kugeuza shingo, kana kwamba tanzu zinazostahili kuchambuliwa ziliorodheshwa zamani na daftari likafungwa. Hapa naichukua sentensi hiyo kuwa utanzu kamili, wenye kanuni zake za ujenzi na mafundi wake wasiotajwa majina, na kwa urahisi wa mjadala nitauita kistaajabisho.

Jamaa yake wa karibu ni kitendawili, ila ni jamaa waliopeana migongo. Mtegaji anayesema "nyumba yangu haina mlango" huanza na ajabu, kisha humwacha mteguaji alitafute yai. Jibu likipatikana, ajabu imeyeyuka na mchezo unasonga mbele. Kistaajabisho huanza pale kitendawili kinapoishia: humshika mnyama tunayemjua, pengine tuliyemla jana kwa mchuzi wa nazi, kikamgeuza kuwa ajabu na kutuacha naye. Hakuna wa kusema "nipe mji", kwa sababu hakuna kilichotegwa.

Tazama jinsi sentensi ya pweza inavyojibana. Nomino ya kwanza ni ya sokoni na jikoni, haimshtui mtu. "Ana" haina uzito wowote. Kisha inakuja "mioyo", na hapo sikio lililokuwa likitarajia umoja linapewa wingi. Idadi inapofika mwishoni, kazi yake ni kuthibitisha mashaka yaliyokwisha kuamka neno moja kabla. Ndiyo maana sentensi hii husikika vizuri zaidi kwa Kiswahili, lugha inayoiweka idadi nyuma ya nomino yake, kuliko katika lugha zinazoitanguliza na hivyo kuitoa siri mapema.

Kilichofichwa ni sababu. Mioyo miwili husukuma damu kwenye matamvua, mmoja kila upande, na wa tatu huisambaza mwilini. Damu yenyewe ni ya samawati, kwa kuwa oksijeni hubebwa na protini yenye madini ya shaba badala ya chuma. Mwandishi mwenye pupa angeyamimina yote hayo baada ya nukta, na sentensi ingegeuka somo la biolojia la kidato cha pili: sahihi, yenye manufaa, iliyokufa. Fundi mwenye subira angegundua kwamba ndani ya maelezo hayo mmelala kistaajabisho cha pili, nacho ni bora kuliko cha kwanza: pweza akiogelea, moyo wake mmoja husimama. Sentensi ya kwanza humpa mnyama sifa. Hii humpa tukio. Kitenzi kilichokuwa chepesi sasa ndicho kinachobeba uzito wote, na msomaji hahitaji kuambiwa kwamba kiumbe wa namna hiyo huchoka upesi akiogelea na hupendelea kutambaa. Atalifikia hilo mwenyewe, na kulifikia huko ndiko raha ya utanzu huu.

Twiga anadai mbinu tofauti. "Shingo ya twiga ina pingili saba, sawa na yako." Mshangao hapa umejengwa kwa upungufu: tulijiandaa kwa idadi kubwa, tukapewa idadi ya kawaida, na urefu wote wa shingo unabaki ukidai maelezo. (Maelezo yapo: pingili moja ya twiga mzima huweza kupita sentimita 25.) Lakini ufundi wenyewe umo katika kiwakilishi cha mwisho. Mwandishi angeweza kusema "sawa na ya panya" au "sawa na ya popo", na ukweli usingepungua, maana karibu mamalia wote wana saba. Akichagua "yako", macho ya msomaji yanatoka mbugani na mkono wake unapanda kisogoni. Nimewaona watu wakifanya hivyo, na sijui shairi fupi linaloweza kumtikisa msomaji kwa uhakika kama huo.

Nyangumi wa buluu, ambaye ulimi wake hulinganishwa na tembo kwa uzito, simweki katika daraja hilo. Msomaji hajawahi kuinua ulimi wa nyangumi wala tembo. Anapewa ukubwa mmoja asioujua upimwe kwa ukubwa mwingine asioujua.

Wanyama waliotoweka huleta tatizo la wakati, na hapa utanzu hulazimika kufanya hesabu bila kuonekana ukiifanya. Mfano maarufu husema kwamba Tyrannosaurus yuko karibu zaidi na sisi kuliko alivyokuwa na Stegosaurus. Hesabu yake ni ya kutoa tu: Stegosaurus aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, na Tyrannosaurus wa mwisho alitoweka yapata milioni 66 iliyopita. Nguvu ya sentensi iko katika kuivunja picha ya kitabu cha watoto, ambamo wote wawili husimama chini ya mti mmoja. Udhaifu wake ni kwamba huazima picha hiyo, na asiyekua nayo havunjikiwi na kitu. Kwa msomaji wa kwetu ningemleta Kentrosaurus, binamu wa Stegosaurus mwenye miiba mgongoni, aliyefukuliwa Tendaguru, Lindi, na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, akasafirishwa Berlin pamoja na lile jitu la shingo ndefu ambalo mifupa yake huko imesimamishwa kwa kimo cha zaidi ya mita 13. Sentensi ingekuwa hivi: Tyrannosaurus wa kwanza alipoanguliwa, mifupa ya Kentrosaurus ilikwisha kulala ardhini Lindi yapata miaka milioni 80. Tumempoteza "sisi", lakini tumepata mahali, na mahali hushika kumbukumbu kuliko tarakimu.

Ufundi huu una hatari yake. Kwamba mbuni huficha kichwa mchangani ni uongo. Huinamisha kichwa kuyageuza mayai katika kiota kilichochimbwa ardhini, na kwa mbali kichwa hakionekani. Lakini sentensi ya uongo ina ndege mkubwa, kitendo cha kitoto na mchanga wa kufunikia, na sentensi ya ukweli ina vishazi vitatu. Masahihisho hayatashinda mpaka yapate umbo.

Silakanti ndiye anayenisumbua zaidi. "Samaki aliyedhaniwa kutoweka pamoja na dinosaria alivuliwa Afrika Kusini mwaka 1938." Ni sentensi nzuri: ina kifo, ufufuo na tarehe. Lakini "aliyedhaniwa" ni kauli ya kutendwa iliyommeza mtenda. Alidhaniwa na nani? Wavuvi wa Komoro walimjua wakamwita gombessa, na tangu miaka ya mwanzo ya 2000 amekuwa akinaswa Tanga katika majarife yanayotegwa kwenye maji ya kina kirefu, hata hifadhi ya bahari ikaanzishwa huko 2009 kwa ajili yake. Nimejaribu kuiandika upya: wakati vitabu vya Ulaya vikimhesabu silakanti miongoni mwa waliotoweka, mvuvi wa Komoro alikuwa akimtoa kwenye ndoana. Ni ndefu mno kwa kisanduku cha gazeti, na kila ninapoifupisha, anayeanguka wa kwanza ni mvuvi.