Mvumo wa kilomita 70

Gari likianza kuvuma, swali la kwanza la kila abiria ni "sauti inatoka wapi?" Swali hilo halifai, kwa sababu bodi ya gari ni bati na mabati hupokezana sauti. Kinachovuma mbele husikika nyuma, cha kulia husikika kushoto. Swali linalofaa ni sauti inafuata nini: injini, magurudumu au barabara. Nililipia somo hilo kwa gari langu mwenyewe.

Ni gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele. Lilianza kuvuma nikitoka Chalinze kurudi Dar es Salaam. Vijijini, kwenye vibao vya 50, lilikuwa kimya. Mshale ukigusa 70, mvumo unaingia, kama mtu anayeguna mdomo umefumbwa. Kwenye 90 unameza redio. Ningeweza kuapa kwamba unatoka nyuma kushoto.

Nilianza na injini. Kwenye kipande kilichonyooka, nyuma hakuna mtu, nikiwa kwenye 80 niliweka gia nyutro kwa sekunde chache. Injini sikuizima, maana ukiizima usukani unakuwa mzito na breki zinapoteza msaada. Mizunguko ya injini ilishuka kutoka 2,500 kwa dakika hadi chini ya 1,000, lakini mvumo ulibaki palepale. Injini, mikanda na altaneta vikaondoka kwenye orodha ya washukiwa. Nikarudisha gia, nikakanyaga mafuta na kuachia mara kadhaa. Meno ya difu yakiwa mabovu, mlio hubadilika kati ya kukanyaga na kuachia, kwa kuwa mzigo huhama upande mmoja wa jino kwenda wa pili. Wangu haukubadilika.

Yakabaki magurudumu, na hapo hesabu ndogo inasaidia. Tairi zangu ni 195/65R15, na zikizunguka mara moja gari linasogea karibu mita 2. Kwenye 80 gari linakwenda mita 22 kwa sekunde, yaani tairi inazunguka mara 11 hivi. Kitu kinachogonga mara 11 kwa sekunde hakivumi, kinadunda. Basi nilikuwa natafuta kitu kinachogusa mara nyingi ndani ya mzunguko mmoja. Viko viwili: kashata za tairi, na vipira vya beringi.

Fundi alipitisha kiganja juu ya tairi ya mbele. "Bosi, tairi hizi zimelika vibaya." Alisema kweli: ukipapasa kwenda mbele ni laini, ukirudi nyuma meno ya msumeno yanakukwaruza. Tairi za namna hiyo huvuma hasa. Lakini kabla ya kununua mpya tulihamisha za mbele nyuma na za nyuma mbele, kila moja upande wake, nikarudi barabara ileile. Mlio mwembamba wa tairi ulihamia nyuma. Ule mzito wa 70 haukuhama, wala haukubadilika nilipotoka kwenye lami chakavu na kuingia kwenye lami mpya.

Ikabaki beringi, lakini ya gurudumu lipi? Kwenye barabara tupu niliyumbisha usukani taratibu, kushoto na kulia. Gari likikata kushoto, uzito wake hulalia magurudumu ya kulia. Nilipokata kushoto mvumo ulipanda, nilipokata kulia ukakaribia kufa. Mshukiwa alikuwa upande wa kulia, na sikio langu lilikuwa limeshaapa kushoto.

Jaribio hilo linaweza kudanganya, kwa hiyo tulipandisha gari kwa jeki na kuliweka juu ya stendi. Fundi alishika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Halikucheza hata kidogo. Mafundi wengi huishia hapo na kuandika "beringi nzima", ilhali beringi huanza kuvuma siku nyingi kabla ya kulegea. Nikashika springi ya shokapu kwa mkono mmoja na kuzungusha gurudumu kwa mwingine. Nyuma kulia, kimya. Mbele kulia, springi ilinong'ona kwenye vidole, kama mtu anayesaga mtama chumba cha pili.

Beringi ilipofunguliwa na kufutwa grisi, kwenye njia ya vipira kulikuwa na vibonyeo vilivyopangana kwa nafasi sawa, kimoja kwa kila kipira. Shimo la barabarani linaweza kuacha alama kama hizo. Ila chuma kilichoibeba kilikuwa na makovu ya nyundo, na mimi nilikumbuka: beringi ile ilifungwa miezi minne nyuma, kando ya barabara, kwa nyundo na kipande cha nondo. Ukiigonga beringi kwenye ringi ya ndani ili ya nje iingie mahali pake, kila pigo hupita kwenye vipira, navyo huichapa chapa njia yake. Inafungwa ikiwa mpya, inaanza kufa siku hiyohiyo.

Safari hii beringi mpya ilikwenda kwenye mashine ya presi. Fundi alitafuta kipande cha bomba chenye upana wa ringi ya nje, ili nguvu ipite kwenye ringi ile tu. Ilipofika zamu ya habu kuingia, aliikingia ringi ya ndani kwa chini. Alihakikisha pia kwamba upande wa beringi wenye sumaku unatazama sensa ya ABS, maana ukiugeuza taa ya ABS itawaka kwenye dashibodi.

Jioni nilipita tena 70, 80, 90. Kilichosikika ni ule mlio mwembamba wa nyuma. Huo ni wa tairi, na unasubiri alaimenti na tairi mpya.