Betri Iliyofufuliwa Hupimwa kwa Saa, Si kwa Volti

Anayenunua betri kavu iliyofufuliwa, yaani ya risasi na asidi iliyofungwa, iwe imetoka kwenye UPS ya ofisi, king'ora cha duka au taa ya sola, kwa kawaida huonyeshwa jambo moja tu. Fundi hugusisha nyaya za mita kwenye vichwa vya betri, namba 12.9 hutokea, na pesa hubadilisha mikono. Namba hiyo si ya uongo, lakini ni ushahidi dhaifu kuliko wote unaoweza kutolewa juu ya betri. Volti za betri iliyopumzika hueleza nguvu ya asidi iliyo karibu na bamba. Hazielezi ni kiasi gani cha bamba bado kinafanya kazi. Betri iliyobakiwa na sehemu ya kumi ya uwezo wake inaweza kusoma sawasawa na mpya, kisha ikazimika dakika chache baada ya kuwashiwa taa. Kizuri chajiuza, wanasema, ila mbele ya mita hata betri mbovu hujiuza. Kipimo cha haki ni kimoja: betri ikishajazwa na kupumzishwa, itabeba mzigo unaojulikana kwa saa ngapi kabla ya kuisha?

Ili kuona kwa nini kipimo hicho hakina mbadala, ni lazima kujua betri iliyosahauliwa hufa vipi. Inapotoa umeme, risasi ya bamba moja na oksidi ya risasi ya bamba jingine hugeuka kuwa salfeti ya risasi, yenye chembe ndogo ambazo chaji ikija mapema huzirudisha zilikotoka. Betri ikiachwa tupu kwa miezi, chembe hizo hukua zikawa fuwele kubwa, ngumu, zisizopitisha umeme. Hata isiyoguswa hujimaliza yenyewe, takriban asilimia 3 kwa mwezi katika nyuzi 25 za joto, na kasi hiyo huongezeka karibu maradufu kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, ndiyo maana stoo yenye bati huiua betri upesi. Hicho ni kifo cha kwanza. Cha pili ni ukavu: maji machache yaliyonyonywa na kitambaa cha nyuzi za kioo hutoka kidogo kidogo kama gesi kupitia vali. Cha tatu ni kuoza kwa viunzi vya risasi vinavyoshikilia bamba, na hiki hakina dawa. Kufufua ni kutibu kifo cha kwanza, kupunguza cha pili, na kukitambua cha tatu mapema ili kazi isipotee bure.

Kwa hiyo ubora wa fundi huanza kuonekana kabla hajawasha chaja. Huuliza historia ya betri, kwa sababu iliyokaa mwaka mmoja kwenye rafu bila kutumika ina matumaini kuliko iliyofanya kazi miaka mitano kwenye chumba cha joto, hata kama zote mbili zinasoma volti 4. Iliyovimba huiweka pembeni, maana umbo hilo ni alama ya joto lililopita kiasi ndani yake. Betri ya volti 12 ina seli sita za volti 2 na kitu kila moja. Ikiwa baada ya kuchajiwa kikamilifu inarudi karibu na 10.5 na kubaki hapo, yaelekea mabamba ya seli moja yamegusana ndani, na hakuna chaji itakayoyatenganisha.

Tiba yenyewe ni ya subira. Betri yenye salfeti ngumu hukataa umeme mwanzoni: ukiiweka kwenye volti 14.4, mkondo unaoingia unaweza kuwa karibu na sufuri, na chaja nyingi za kisasa huishia hapo na kuitangaza imekufa. Fundi mzuri hutumia chanzo cha umeme anachoweza kukiongoza. Hupandisha volti hadi 15 au 16, huku akiuwekea mkondo mpaka mdogo, mathalani nusu ampea kwa betri ya ampea-saa 7, kisha hungoja. Fuwele zikianza kuyeyuka, mkondo hupanda na volti hujishusha zenyewe, na hapo fundi hurudi kwenye kiwango cha kawaida. Ikiwa betri ni kavu kweli, hufungua kifuniko cha juu na kudondosha mililita chache za maji yaliyotoneshwa katika kila seli, kiasi cha kulowesha kitambaa bila kuacha maji yanayochezacheza. Hugusa ubavu mara kwa mara, kwa kuwa betri inayopata moto inageuza umeme kuwa joto badala ya kuuhifadhi. Na hufanya yote hayo penye hewa ya kutosha, kwani hidrojeni inayotoka kwenye betri ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche moja.

Kisha huja mtihani. Ampea-saa 7 zilizoandikwa kwenye betri ndogo ya king'ora maana yake kwa kawaida ni ampea 0.35 kwa saa 20, mpaka volti zishuke hadi 10.5. Bila vifaa vya maabara, balbu ya volti 12 na wati 5 inatosha: inakula takriban ampea 0.4, hivyo ikiwaka saa 12 kabla ya kufikia 10.5, betri imetoa karibu ampea-saa 5, yaani asilimia 70 ya uwezo wa kiwandani. Mzigo mzito hubadilisha hesabu, jambo ambalo Mjerumani Wilhelm Peukert alilieleza kwa kanuni mwaka 1897: kadiri umeme unavyotolewa kwa kasi, ndivyo jumla yake inavyopungua. Balbu ya wati 21 isitarajiwe kufikia saa 4, hata kwenye betri mpya. Baada ya hapo betri hujazwa tena na kuachwa wiki moja. Ikishuka chini ya 12.6 bila kutumika, kuna mahali inavuja ndani, na matokeo mazuri ya balbu hayataidumisha.

Wapo watakaosema mteja hawezi kungoja saa 12 dukani. Ni kweli, wala hapaswi kungoja. Mtihani ni kazi ya fundi, na matunda yake ni karatasi ndogo iliyobandikwa ubavuni: tarehe, mzigo, saa, ampea-saa. Wengine watatetea njia za mkato. Kuongeza asidi hupandisha volti papo hapo, kwa sababu volti hufuata ukali wa asidi, lakini hakurudishi hata chembe moja ya bamba, na huharakisha kuoza kwa viunzi. Chumvi ya salfeti ya magnesiamu, inayosifiwa sana, huongeza salfeti pale ambapo salfeti ndiyo ugonjwa. Kuhusu vifaa vinavyopiga umeme wa mapigo, matokeo yaliyoripotiwa yanapingana, kwa hiyo anayeviuza aonyeshe uwezo uliopimwa kabla na baada, na kando yake betri pacha iliyochajiwa polepole bila kifaa hicho.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kwa nini usiiuze tu kama chuma chakavu? Jibu limo katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kiliwatia sumu wakazi. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano dhidi ya kiwanda hicho, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kila betri inayoongezewa miaka miwili huchelewesha safari ya kwenda kwenye tanuri kama lile. Lakini huichelewesha tu. Fundi anayemwaga asidi mtaroni ameusogeza msiba huohuo karibu na mlango wake, na ufundi wake, hata ukitoa ampea-saa ngapi, ni mbovu.

Mizani ya mwisho ni matumizi. Katika kazi za dharura, betri huhesabiwa imeisha ikishuka chini ya asilimia 80, hivyo iliyofufuliwa hadi 70 isiwekwe pale uhai wa mtu unapoitegemea. Kwa taa na redio ya usiku, hata 60 ni mali halali, mradi iuzwe kwa jina lake. Basi bei na ifuate namba: gawanya bei ya betri mpya kwa ampea-saa zake, zidisha kwa ampea-saa zilizopimwa, kisha punguza nusu, kwa kuwa umri uliobaki haupimiki. Fundi atakayekubali hesabu hiyo ameipima betri yake. Atakayeikataa na kurudi kwenye mita, mwachie betri yake.